Nyai Grimis Hapigwi Tupa

Jumapili, 16 Juni

Naandika nikiwa bado nimevaa nguo za harusi na miguu inaniuma. Leo tumeaibika mchana kweupe. Watu wamejaa, chakula kimejaa, na sisi tukapiga kama vikundi viwili vinavyogombea uwanja mmoja. Kinanda changu kinasema hivi, shaba zinasema vile, na mwimbaji yuko katikati hajui amfuate nani. Alipofika kwenye kiitikio sauti ikamtoka njia, akajifanya anakohoa. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Jamani, mpeni maji huyo!" Shida yake haikuwa maji.

Gamelan yetu, yaani seti nzima ya ala za shaba za kugonga, inaitwa Nyai Grimis, maana yake Bibi Manyunyu. Kwa kijiji ambacho kiangazi maji yanakuja kwa lori, aliyetoa jina hilo alikuwa na matumaini makubwa au alikuwa na utani. Fundi wa zamani aliyeziyeyusha shaba zake alimpa sauti za kwake mwenyewe, na hakuna gamelan nyingine inayolia hivyo. Kinanda changu kina sauti za kiwandani, zilezile za vinanda vyote duniani. Kwenye nyimbo nyingine tunabahatika. Leo hatukubahatika.

Sahani zilipoondolewa Pakde Gun, mkuu wa kikundi, akatukusanya nyuma ya jiko. "Mwezi ujao ni Selo," akasema, "mwezi wa mwiko, hakuna harusi. Namleta mhunzi, Pak Suyoto, na tupa zake. Azikwangue shaba zote mpaka zilingane na kinanda. Vikundi vyote huku vimeshafanya, tumebaki sisi tu na ushamba wetu."

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini? Mpiga kinanda si wewe? Tunakufanyia wewe."

"Sijaomba, Pakde."

"Tyas, usinitie wazimu mbele za watu."

Mbah Painem, bibi anayepiga gender, ala ya vibao vyembamba vya shaba, akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu nijiunge na kikundi hajawahi kukiita kinanda changu jina jingine ila plastiki. "Mwenye plastiki anatetea shaba," akasema. "Makubwa haya."

Cheka, Mbah. Shaba ikishakwanguliwa imekwanguliwa. Lile vumbi linalodondoka chini ya tupa hakuna anayejua kulirudisha. Nimesema hapana na nitaendelea kusema.

Jumatatu, 17 Juni

Kibandani sokoni, simu kumi za kutengeneza, zote vioo. Bado nina hasira.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekwenda kwa Pakde Gun na mkungu wa ndizi, maana mimi ni mbishi lakini adabu ninayo. Alikuwa anakula tiwul, ugali wa muhogo, na panzi wa kukaanga. Hakunikaribisha mpaka alipomaliza.

Nikamweleza polepole. Kinanda kinaweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya. Zamani, mimi nikiwa bado sijazaliwa, watengenezaji wa vinanda waliokuwa wakishindana walikaa chini wakakubaliana lugha moja, wakaiita MIDI, ili kinanda cha huyu kielewane na mashine ya yule. Maneno yanapita kwenye waya moja baada ya jingine, kama watu wa ndoo kwenye foleni ya lori la maji, na hakuna anayepenya pembeni. Watu wanadhani lugha hiyo inajua tu "bonyeza" na "achia". Sivyo. Kuna maneno yanayoweza kukiambia kinanda: hii sauti ipandishe kidogo, ile ishushe, na ile nyingine iache. Kila kitufe kwa nafsi yake. Imeandikwa mwisho kabisa wa kitabu cha kinanda, kwenye kurasa ambazo watu hufungia karanga.

"Kwa hiyo," akasema Pakde Gun, "badala ya shaba kufuata kinanda, kinanda kifuate shaba."

"Ndiyo."

"Na kile kitufe cha kubadili sauti kilichopo pale juu? Si ulikijaribu mwaka jana?"

"Kile kinapindisha sauti za juu na za chini kwa kipimo kimoja. Nyai Grimis hayuko hivyo. Kadiri unavyopanda ndivyo anavyojivuta kupita kipimo. Anataka kila kitufe kisemeshwe peke yake."

Akatafuna kipande cha mguu wa panzi kilichokuwa kimekwama jinoni. Pakde Gun ni mtu wa kupenda mkato. Kwake ala ni kama pikipiki, ikigoma unaifungua unaisaga. Ndivyo nimuonavyo. Akasema, "Una mpaka tarehe ishirini Julai. Ikishindikana, Suyoto anafanya kazi yake na wewe unanyamaza."

"Ikishindikana nanyamaza," nikasema. Nilipofika njiani ndipo nilipojiuliza nimeahidi nini.

Jumapili, 23 Juni

Siku nzima pendopo, kwenye ukumbi wa kijiji, tukipima. Niliwaza nitapima peke yangu, lakini Mbah Painem alikuwa keshafika, kakaa mbele ya gender yake na nyundo mkononi. "Huwezi kumgonga," akaniambia. "Unagonga kama unaua mende." Basi yeye akagonga, mimi nikapima kwa simu na kuandika. Kila alipogonga alisubiri mlio ufe wenyewe ndipo agonge tena, na ukimharakisha anaanza upya. Alinitukana mimi, akaitukana simu, akamtukana mume wangu kwa kunioa. Kazi lakini aliifanya vizuri.

Kitu kimoja kimeniudhi. Ala za shaba hazirukwi. Mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua kufunga vifungo: unavua viatu, na kama saron, ala ya vibao vya shaba juu ya kitako cha mbao, imelala njiani unazunguka ukumbi mzima. Lakini waya wangu uliolala sakafuni kila mtu anauruka, na Pakde Gun, alipopita kuchungulia, aliukanyaga. Nikamwambia, "Pakde, waya." Akasema, "Nimeuona."

Alhamisi, 27 Juni

Kisima cha shule kimekauka. Mume wangu, Mas Prih, amelipeleka huko lori lake la maji mara tatu.

Jumatatu, 1 Julai

Kinanda changu ni cha zamani, kina tundu la duara lenye pini tano. Kompyuta yangu ina tundu bapa la USB tu. Kwa hiyo leo nimenunua mjini Yogya waya wa kuunganisha vizazi hivi viwili: upande mmoja bapa, upande wa pili vichwa viwili vya duara, na katikati kikopo chenye taa inayowaka buluu. Muuzaji akaniapia kuwa unaweza kila kitu. Taa kweli inapendeza.

Nimejaribu nyumbani. Nikibonyeza kinanda, kompyuta inaona. Kompyuta ikituma wimbo, kinanda kinapiga. Nimempigia Mas Prih kelele aje aone. Akaja na tope la matairi hadi magotini, akasema, "Safi, Dik, kinajipiga chenyewe. Sasa utalala mapema."

Jumanne, 2 Julai

Nimetuma sauti zote za Nyai Grimis kwa mpigo mmoja, ujumbe mrefu kama ilivyoelekeza kanuni. Kinanda kimekaa kimya kama hakijaambiwa kitu. Nimetuma tena. Kimya. Mara ya nne vitufe vya juu vikapanda vyote kama mbuzi aliyekanyagwa na vya chini vikabaki palepale. Sijui nimekosea wapi. Labda hesabu.

Alhamisi, 4 Julai

Mazoezi, na kwa ujinga wangu nikataka kuwaonyesha. Nilikuwa nimepanga hesabu upya mara tatu na nikaamini. Nikatuma, nikabonyeza, na kinanda kikalia mlio ambao sina jina lake. Mpiga ngoma akaficha uso kwenye mto wa kukalia. Mwimbaji akauliza huyo mbuzi anaumwa nini.

"Hiyo ndiyo dawa?" akauliza Pakde Gun. "Basi bora ugonjwa."

Mbah Painem peke yake hakucheka. Akasema tu, "Zima hiyo plastiki tupige," na tukapiga bila mimi. Nilikaa pembeni nikasikiliza. Bila kinanda Nyai Grimis alikuwa mzuri kiasi kwamba nilitaka kulia, nikalia, na nikasema ni vumbi. Kiangazi hiki vumbi halikosekani.

Jumamosi, 6 Julai

Hesabu ni sahihi. Nimezipitia hadi macho yanauma. Hesabu ni sahihi!

Jumanne, 9 Julai

Leo nimefanya jambo ambalo mama yangu angekuwa hai angenitandika mbele ya kijiji, na nisingemlaumu.

Nilikuwa kibandani ndipo mwimbaji akanipigia: "Dada Tyas, yule mtu wa tupa yupo pendopo." Nikafunga kibanda mteja akiwa bado ameshika simu yake iliyofunguliwa. Nikaendesha pikipiki kwa namna ambayo siisemi hapa.

Kweli. Pakde Gun amesimama karibu na gongo lake, lile duara kubwa la shaba linaloning'inia, Mbah Painem yuko mahali pake, na Pak Suyoto, mhunzi, kakaa chini, shaba ya kwanza ya saron imeshatolewa kwenye kitako chake na imelazwa juu ya goti lake. Tupa iko mkononi.

"Tulisema tarehe ishirini!" nikapiga kelele kutoka mlangoni.

"Tulisema," akajibu Pakde Gun. "Haji Sumardi anataka kutusikia mapema kabla hajatukodi harusi ya binti yake. Sina tarehe ishirini tena. Na wewe nafasi ulipewa, ukatuletea mbuzi."

"Pakde uliahidi!"

"Niliahidi nikidhani unajua unachofanya."

Pak Suyoto akaniangalia kwa huruma, mtu mpole yule, kisha akainamisha kichwa na kuweka tupa kwenye ncha ya shaba. Kati yangu na yeye kulikuwa na safu ya saron. Kumfikia kwa adabu ilibidi nizunguke kwa nyuma ya magongo. Sikuzunguka. Niliruka saron. Niliiruka nikiwa na ndala miguuni, nikatua katikati ya Nyai Grimis, nikainyakua ile shaba gotini mwa mzee wa watu na kuikumbatia.

Nilisikia lori likibadilisha gia barabarani. Ndipo nilipotazama chini nikaona ndala zangu. Nimelelewa humu, najua nilichofanya.

Mbah Painem akanyanyuka. Kwa magoti yake yale kunyanyuka ni kazi, lakini alinyanyuka. Nikadhani atanipiga.

"Viatu," akasema.

Nikavua ndala nikiwa nimesimama palepale na shaba kifuani.

"Hakuna anayegusa kitu humu," akasema, si kwangu, kwa wote. "Karukwa. Na viatu juu. Mpaka sadaka itolewe hakuna anayegonga, anayehamisha wala anayekwangua. Suyoto! Weka chini hiyo tupa. Unataka kufanya kazi juu ya kitu kilichorukwa? Mkono ukikuvimba usije kwangu."

Pak Suyoto aliweka tupa chini haraka kama imemuunguza. Wahunzi hawana mchezo na mambo hayo.

"Sawa," akasema Pakde Gun, uso umemwiva. "Sadaka itolewe kesho kutwa, Alhamisi."

"Alhamisi hii? Mtoto kamruka Nyai Grimis na ndala zake za sokoni, wewe unataka Alhamisi yoyote tu? Ni mkesha wa Ijumaa Kliwon, tarehe kumi na nane. Au umesahau baba yako alivyokuwa akifanya?"

Mkesha wa Ijumaa Kliwon, Ijumaa nzito ya kalenda yetu inayorudi kila siku thelathini na tano, haubishaniwi. Mbah akanigeukia. "Na wewe, Nduk, kuku, maua na kahawa vitatoka kwako. Kuku mzima, jogoo. Usituletee kitoto."

"Ndiyo, Mbah."

"Rudisha shaba ya watu. Kwa kuzunguka."

Nikazunguka.

Jumatano, 10 Julai

Sokoni wote wameshasikia. Mwenye duka la mchele kanipa chenji bila kunitazama.

Alasiri Mbah Painem alipita kibandani kununua vocha, na huwa hanunui vocha. "Hiyo plastiki yako imefika wapi?" akauliza.

"Imegoma, Mbah."

"Una mpaka Kliwon," akasema, akaondoka bila vocha.

Nimekaa nikiangalia mlango. Muda wote huu nilimhesabu yule bibi kuwa adui yangu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimempata mwizi!

Nilikuwa nimekata tamaa ya kinanda, nikasema hebu nikiache kando. Kama hesabu ni sahihi na kompyuta inatuma, na kinanda kinasema hakijapokea, basi aulizwe aliye katikati. Nikachukua vile vichwa viwili vya duara, cha kutoa na cha kuingiza, nikaviunganisha vyenyewe kwa vyenyewe kwa vipande viwili vya shaba nyembamba na utepe. Sasa kompyuta ikituma, maneno yanatoka, yanapinda kona na kurudi kwake yenyewe. Kilichotoka lazima kirudi kilekile.

Nikatuma neno fupi. Likarudi zima. Nikatuma jingine fupi, zima. Nikatuma ule ujumbe mrefu wa sauti zote. Ukarudi kichwa tu! Mkia haupo. Nikatuma tena, safari hii umekatwa pengine, na katikati kuna maneno yaliyomezwa. Kile kikopo chenye taa ya buluu! Kina tumbo dogo. Ukikipa kifupi kinapitisha, ukikipa kirefu kinajaza mdomo na kinachozidi kinakitupa, halafu kinawasha taa kama kimefanya kazi. Muuzaji aliniapia! Ningekuwa karibu naye ningemvisha waya wake shingoni.

Nimekitukana kikopo mpaka Mas Prih akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza nani kafa.

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Mimi sikukosea."

"Hongera," akasema. "Naomba ndoo nimalizie, maji yamekata."

Jumapili, 14 Julai

Mwenye waya wa maana katika wilaya hii simjui, na kuagiza kutachukua wiki mbili. Sina wiki mbili. Lakini kanuni imeacha mlango. Waliokaa wakaipanga hawakuweka njia moja tu ya kusema jambo hili. Unaweza kutuma sauti zote kwa mpigo, au unaweza kutuma moja moja, maneno machache kwa kila kitufe. Ni ya kuchosha na hakuna anayeitumia. Basi nitaitumia mimi. Kila kitufe na ujumbe wake, kisha subira kidogo kikopo kimeze mate, kisha kinachofuata.

Sijui walikuwa akina nani na sidhani kama walimfikiria Nyai Grimis walipoandika. Lakini hawakusema sauti za kiwandani ndizo pekee. Wanaosema hivyo ni wavivu wa kusoma mpaka mwisho.

Jumanne, 16 Julai

Kinanda kimepokea. Kitufe kwa kitufe, chote. Sijamwambia mtu, nimeshaaibika vya kutosha.

Jumatano, 17 Julai

Nilikwenda pendopo kupeleka majani ya migomba ya sadaka, nikamkuta Pakde Gun peke yake. Alikuwa anapangusa vumbi sakafuni kuzunguka ala, bila kuzigusa, na kitambaa chake kikisogea pembeni ya kila kitako kwa uangalifu. Hakuniona. Nikakohoa.

"Umeleta jogoo?" akauliza.

"Kesho."

Akaendelea kupangusa. Kisha akasema bila kunigeukia, "Unadhani nafurahia tupa?"

Ndivyo nilivyodhani.

"Kikundi cha Ngawen kimekufa. Cha Semin kimekufa. Unajua gamelan zao ziko wapi? Kwenye magunia, stoo. Watu wa harusi wanataka kinanda, Tyas. Nikiwapelekea vitu viwili vinavyogombana watachagua kimoja, na hawatachagua shaba. Watakukodi wewe peke yako. Wewe utakula. Nyai Grimis ataingia guniani. Bora akwanguliwe apigwe, kuliko abaki alivyo hakuna anayempiga."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali mdomoni, nimeyapanga tangu tarehe tisa. Nikayameza. Nilidhani nampigania Nyai Grimis dhidi yake, kumbe naye alikuwa akimpigania kwa njia yake ya mkato.

"Pakde," nikasema, "kesho baada ya sadaka nipe wimbo mmoja."

"Mmoja," akasema.

Alhamisi, 18 Julai

Jogoo alikuwa mkubwa, Mbah Painem mwenyewe alikiri, ingawa alisema chumvi imepungua. Baada ya magharibi tukakaa kwenye mikeka, dua ikasomwa, maua yakawekwa chini ya gongo pamoja na kahawa nyeusi na sigara. Nikaomba radhi mbele ya wote, kwa watu na kwa Nyai Grimis, na nilimaanisha kila neno. Kuruka naomba radhi. Kuikumbatia ile shaba siombi, na sikuiomba.

Pak Suyoto alikuwepo, tupa zake kwenye mkoba wa ngozi mgongoni. Kama nikishindwa, angeanza kazi kesho asubuhi.

Nikafungua kompyuta. Nikachomeka waya. Taa ya buluu ikawaka, nikaitazama kwa dharau. Nikaanza kutuma, moja, subira, moja, subira. Mpiga ngoma akanong'ona, "Kinakufa polepole safari hii." Nikatuma nyingine.

"Mbah," nikasema, "gonga ya kwanza."

Akagonga. Mlio wa gender ukatoka, ule wa kutetemeka kidogo kama maji kwenye ndoo. Nikabonyeza kitufe changu. Kikaingia ndani ya ule mlio na sikukisikia tena, nilisikia tu kwamba umenona. Mbah akasimamisha nyundo hewani. Akanitazama. Akagonga ya pili, nikabonyeza, vilevile. Hakusubiri nimwombe ya tatu. Alipanda mpaka juu kabisa, pale ambapo Nyai Grimis anajivuta na vinanda vyote hupotea, na mimi nilikuwa nyuma yake kila hatua. Pale juu nilikuwa nikimlaani muuza waya kimoyomoyo, maana hata sasa sikumwamini.

Mbah Painem akageuka akamwambia Pakde Gun, "Unangoja nini? Anza wimbo."

Tukapiga. Wimbo mmoja ukawa mitatu. Mwimbaji alipofika kwenye kiitikio kilichomuaibisha mwezi uliopita alifumba macho, na sauti haikumtoka njia. Pakde Gun alikuwa kwenye gongo. Pigo la mwisho alilichelewesha kidogo, kwa kusudi, kisha akalipiga na akabaki ameshika nyundo.

"Huyu mbuzi," akasema, "nani kamfundisha?"

"Plastiki ina masikio," akajibu Mbah Painem. Ni mara ya kwanza kuisemea vizuri, nimeandika ili asije akakana.

Pak Suyoto akaufunga mkoba wake vizuri akaomba paja la jogoo.

Ijumaa, 19 Julai

Nimelala hadi saa nne.

Jumapili, 21 Julai

Haji Sumardi, aliyeombwa asubiri mpaka sadaka ipite, alikuja, akasikiliza nyimbo mbili huku akizungumza kwenye simu, akasema sawa. Basi. Hakusikia tofauti yoyote. Sijui nicheke.

Ijumaa, 2 Agosti

Besar imeingia, Mfunguo Tatu, na harusi zimerudi zote kwa pamoja. Nimeandika herufi kubwa juu ya kikopo: FUPI FUPI.

Jumapili, 25 Agosti

Harusi ya Haji. Mahema mpaka barabarani, na Haji kamleta mwimbaji wa mjini kutoka Solo, Rara Selviana, kucha ndefu, kipaza sauti chake mwenyewe cha dhahabu. Wakati wa kujaribu vyombo aliimba mstari mmoja na mimi, akasimamisha mkono.

"Kinanda chako kibovu, Mbak. Kimeshuka."

"Hakijashuka. Kimemfuata Nyai Grimis."

"Nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu.

Akacheka. "Mimi naimba na vinanda vya nchi nzima. Rudisha sauti za kawaida. Hiyo mizigo ya nyuma itapiga kimya kimya, nani atajua?"

Nikafungua mdomo, na alhamdulillahi sikupata nafasi, kwa sababu nilichokuwa nataka kusema hakifai harusini. Pakde Gun alikuwa ameshafika katikati yetu. Nikajua roho yake iko mkononi. Harusi hii ndiyo iliyomfanya avunje ahadi.

"Mbak Rara," akasema kwa adabu kabisa, "sauti za kawaida hapa ni hizi. Mzigo tulionao ni kipaza sauti chako tu. Tutakupigia shaba kwanza, usikilize, halafu uingie. Ukiona huwezi, sinden, mwimbaji wetu, yupo, na chakula kipo, utakula."

Rara akamtafuta Haji kwa macho. Haji alikuwa kwenye simu. Mbah Painem akagonga sauti ya kuanzia, taratibu, akairudia, akairudia tena, kama anayemwita kuku bandani. Rara akajaribu. Akakosa. Akajaribu. Mara ya tatu akaipata, na uso ukambadilika, akairudia mwenyewe kabla ya kuendelea.

Aliimba nyimbo nane. Wageni walikula, watoto walikimbizana, bibi harusi alilia wakati unaofaa. Hakuna hata mgeni mmoja aliyekuja kusema shaba na kinanda vimepatana. Walikaa tu mpaka mwisho, na hakuna aliyeomba mwimbaji apewe maji.

Jumapili, 1 Septemba

Suro imeingia, Mfunguo Nne. Harusi zimekwisha, na leo ni siku ya kumwosha Nyai Grimis. Tumeosha shaba moja moja kwa maji ya maua, nusu ndoo tu, Mas Prih kayaleta mwenyewe akisema ni ya Nyai na nisiyaguse kwa kufulia. Shaba ya kwanza ya saron ina mkwaruzo mmoja mwembamba nchani, pale tupa ilipogusa kabla sijafika. Nimeipima tena. Sauti haijabadilika.

Mbah Painem alikuja kwenye kinanda na kiganja kimejaa maji na petali. Nikapiga kelele, "Mbah, umeme!" Akasema najua, mimi si mjinga, akayamwaga maji nje, akabaki na petali, akaziweka juu ya kikopo chenye taa ya buluu. Nikaacha. Kikopo kile hakistahili, lakini nikaacha.

Pakde Gun alichelewa. Alivua viatu mlangoni akaja moja kwa moja kuelekea kwenye gongo lake, amebeba ndoo. Waya wangu ulikuwa umelala sakafuni kama kawaida, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kinanda, umemkatia njia. Akasimama mbele yake. Nikajua ataukanyaga, nikafungua mdomo niseme, Pakde, waya.

Akainua ndoo vizuri asimwage, akageuka, akazunguka ukumbi mzima.